Meneja Alicheza Wimbo wa Mlango

Siku meneja mpya alipotutangazia kwamba kuanzia leo sisi sote ni familia moja, shangazi yangu aliniinamia sikioni akauliza, "Sasa huyu kwetu ni nani? Mjomba au mkwe?" Nilijibana nisicheke. Tulikuwa tumepangwa duara nje ya banda, jua la Ifakara limeshaanza kuuma kabla hata kazi haijaanza, na meneja amesimama katikati na fulana ya kampuni iliyopigwa pasi. Shangazi hakuwa anatania tu. Kwake yeye, ukimwita mtu ndugu lazima ujue ni ndugu wa upande gani, maana hapo ndipo unapojua nani anakula kwa nani, nani atamzika nani, na nani anaweza kumtolea mwenzake maneno makali bila kuzua ugomvi. Meneja hakufafanua. Alisema familia, akapiga makofi, nasi tukapiga.

Kazi yetu ilikuwa kuchambua mchele. Naandika ilikuwa, ingawa mimi ninaifanya mpaka leo. Mashine inakoboa mpunga upande mmoja wa banda, mchele unatoka umechanganyika na chenga, pumba na vijiwe, na sisi wanawake tunakaa chini kwenye maturubai, kila mmoja na ungo wake, tunapepeta na kuondoa kwa vidole kile mashine ilichoshindwa. Mchele ukifika mjini kwa sifa ya Kilombero unakuwa mweupe, msafi, unanukia. Anayeula hajui kwamba umepitia kwanza puani mwetu. Vumbi la pumba ni jepesi na halina haraka. Linatua kwenye nyusi, linaingia ndani ya sidiria, linamfuata mama anayenyonyesha hadi nyumbani kwake. Jioni ukipenga kamasi, inatoka ya kahawia.

Banda lina milango miwili. Wa mbele unatazama barabara, ndiko malori yanakopakilia. Wa nyuma ni wa bati, unatazama milima ya Udzungwa, na kutoka milimani huko asubuhi jua likishapanda huwa kunakuja upepo. Mlango wa nyuma ukiwa wazi, upepo unaingia, unalibeba vumbi na kulitoa mbele. Ukifungwa, vumbi linabaki ndani, linazunguka nasi mpaka jioni. Habari yangu yote ni hiyo, sina nyingine kubwa kuliko hiyo. Nimewaona watu wenye vyeo wakikaa vikao juu ya hali za wafanyakazi, wanakunywa soda na kula sambusa, wanachora michoro ukutani, na hali yenyewe wanayoitafuta ni kufuli moja.

Shangazi ni dada yake baba. Alishuka kutoka Mahenge akiwa bado msichana, akaja bondeni kulima mpunga, akaolewa, akafiwa, akabaki hapa Lumemo. Ndiye aliyeniingiza bandani nilipomaliza kidato cha nne na kugundua kwamba hakuna aliyekuwa akinisubiri popote. Na ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Kuchambua mchele kimyakimya ni adhabu, macho yanauma na mgongo unauma na saa haisogei. Ukiwepo wimbo, mikono yote inakwenda pamoja na ungo wako unajikuta umeisha. Zilikuwa nyimbo za Kipogoro, zilezile zinazoimbwa watu wanapokwenda kulimiana mashamba kwa zamu, leo kwako kesho kwangu.

Hapa lazima nieleze desturi ya nyimbo hizo, maana bila hiyo yaliyofuata hayana maana. Ukienda kulima kwa mtu, naye akawa mchoyo wa chakula, humfuati ukamkabili. Unamwimba. Humzungushii maneno: unasema jua limefika kichwani na ugali haujafika, unamtaja alivyokaa kivulini, unamwambia unachotaka. Kwa mdomo mtupu maneno hayo yangeleta ugomvi wa miaka. Kwa wimbo hana ruhusa ya kununa. Anaweza kukaa mbali ajifanye hasikii, na hapo ataimbwa kesho na keshokutwa. Au anakuja katikati ya waimbaji, anacheza, na anamtunza anayeanzisha, anampa kitu mkononi au anamvisha nguo begani. Akishamtunza, amekubali. Alichoombwa atakifanya, na hakuna mtu mwenye akili anayemtunza mwimbaji kisha akaacha kufanya. Kwa wazee wetu hilo halikuhitaji shahidi wala sahihi.

Kabla ya kampuni, mashine ilikuwa ya mzee mmoja mfanyabiashara wa hapahapa. Sitaki mtu aseme namlilia. Alikuwa mchoyo, mdomo wake mchafu, akikukuta umesinzia anakumwagia maji ya ndoo na kukuita jina la mnyama. Aliwahi kuufunga mlango wa nyuma kwa sababu kuku wa jirani walikuwa wakiingia kudonoa mchele. Shangazi akamwimba. Mzee alizaliwa bonde hili, aliujua wimbo ule unakwenda wapi kabla haujafika ubeti wa pili, akatoka mbio kujifungia chooni. Siku zilizofuata akawa anaingia ofisini kwake kwa kupita nyuma ya ghala, kama mwizi kwenye mali yake mwenyewe, ili asikutane na waimbaji uso kwa uso. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mwishowe alichoka. Alitokea na papai kwapani, akacheza vibaya mno, akamkabidhi shangazi lile papai na kupiga kelele, "Haya, fungueni! Mfie mbali na kuku wenu!" Mlango ukafunguliwa, na haukufungwa tena mpaka alipoiuza biashara. Matusi aliendelea nayo. Lakini tulipumua.

Kisha ikaja kampuni. Walipaka banda rangi, wakatundika kibao kikubwa, wakatupa mikataba na kofia za kufunika nywele. Sitasema uongo, mwanzoni tulijiona tumeokoka. Hakuna aliyetukanwa. Meneja alikuwa kijana wa kutoka Dar es Salaam, mwenye sauti laini, anayekusalimia kwa tabasamu na kukuita mama yangu hata kama mnalingana umri. Katika wiki ileile aliyotuita familia, aliagiza mlango wa nyuma ufungwe kwa kufuli, kwa sababu ya usalama wa mali. Kamera ilifungwa mlango wa mbele. Familia ilitakiwa kupita pale ilipoonekana.

Tulimwambia msimamizi wetu, mtu wa Mahenge kama sisi, anayeijua hewa ya bandani maana alianza kwa kubeba magunia humohumo. Akatuomba tuweke maoni kwenye sanduku. Sanduku la maoni lilikuwa limepigiliwa ukutani, jekundu, zuri. Nikaandika mimi, kwa mwandiko wangu wa shuleni, tunaomba mlango wa nyuma ufunguliwe mchana. Ufunguo wa sanduku na ufunguo wa mlango zilining'inia kwenye kamba moja shingoni mwa meneja. Kila alipopita nilizisikia zinagongana. Sanduku halikujibu. Baadaye manyigu walijenga humo ndani, wakawa wanaingia na kutoka kwenye kitundu, na hakuna aliyejisumbua kuwafukuza.

Badala ya mlango tukaletewa semina. Alikuja mtaalamu wa tabia za watu kazini, mwanamke nadhifu, akatutoa kwenye nyungo zetu na kutukalisha kwenye viti vya plastiki. Alitufundisha kwamba neno shida linavunja moyo, kwa hiyo tusiseme tuna shida, tuseme tuna changamoto, na kila changamoto ni fursa. Shangazi akanyoosha mkono. "Samahani mwalimu, kifua changu kinabana nikiwa mle ndani. Hiyo fursa ni ya nani?" Watu wakacheka, mtaalamu naye akacheka, akasema tumpigie mama makofi kwa kuwa mwazi. Tukampigia makofi ya kilo, yale ya kupangwa kwa mdundo, pasha, pasha, kilo! Halafu tukagawiwa maputo tuyapulize na kuyarusha hewani pasiwe na hata moja linaloanguka chini, tujifunze kushirikiana. Ninawaona mpaka sasa wanawake wazima, wengine wana wajukuu, wanakimbizana na maputo kwenye vumbi. Shangazi alijaribu kupuliza lake, akashindwa, akashikwa na kikohozi mpaka akakaa chini. Mtaalamu akamletea maji, akamwambia asikate tamaa.

Kikohozi kile kilikuwa kimeanza kama mzaha. Kwanza kilimjia asubuhi tu. Kisha kikawa kinamkatiza katikati ya wimbo, anaacha ubeti, sisi tunaudaka na kuumalizia huku yeye ameinamisha kichwa kwenye ungo. Alikwenda hospitali. Wakampima wakasema si kifua kikuu, ni vumbi, akae mbali na vumbi. Alirudi akaniambia maneno hayo kwa dharau, kana kwamba daktari amemshauri akae mbali na Ifakara. Mkataba ulikuwa wa msimu hadi msimu na kila mtu alijua anayesema anaumwa hahuishiwi. Nyumba yake inaegemea kazi ile, na hana mwingine wa kuibeba. Kwa hiyo jambo lilibaki kuwa moja: mlango ufunguliwe ili aendelee kufanya kazi, au kifua kimtoe.

Meneja alisikia kuimba siku moja akiwa anapita na simu sikioni. Alisimama mlangoni, akatulia, akaondoka. Kesho yake alimwita shangazi ofisini na kumpa cheo. Balozi wa Furaha. Wallahi, ndivyo kilivyoitwa, kiliandikwa hata kwenye beji. Wageni walikuwa wanakuja, watu wenye fedha zao ndani ya kampuni, na alitaka wakute wafanyakazi wanaimba nyimbo za asili. Nilimwambia shangazi aikatae beji. Nilikuwa na hasira, nikasema wanatufanya maonyesho. Akanitazama kama mtoto asiyeelewa kitu alichowekewa mezani.

"Wewe umesoma lakini hujui kitu," akasema. "Meneja mwenyewe anaomba aimbwe. Mzee yule alikuwa anajificha chooni, huyu anakuja kwa miguu yake. Utapata wapi bahati hiyo?"

Ndipo nikaelewa alichokusudia. Akaanza kuufanyia mazoezi wimbo wa mlango, uleule wa mzee wa papai, akiupunguza mahali na kuuongeza mahali. Haukuwa na fumbo hata moja. Ulimtaja meneja kwa cheo chake, ulisema ufunguo uko shingoni mwako tunausikia ukilia, ulisema upepo umesimama nje ya bati kama mgeni asiyekaribishwa, ulisema mimi niliyeuanza wimbo huu nakohoa, fungua nipumue. Kiitikio ni neno moja tu, fungua, kwa Kipogoro, tunalirudia mpaka mwanzishaji arudishe pumzi. Alihitaji viitikio virefu sana siku hizo.

Siku ya wageni tuligawiwa barakoa asubuhi, mpya, nyeupe. Jioni zilikusanywa. Wageni waliingia wakiwa na viatu vya gharama, wakatazama mashine, wakachota mchele wakaunusa, wakasifia. Kulikuwa na kijana wa kamera akiwazunguka. Msimamizi alisimama pembeni, mikono nyuma. Meneja akatoa ishara na shangazi akashusha barakoa kidevuni, akaanzisha.

Sijawahi kumsikia akiimba hivyo, na sitamsikia tena. Sauti ilitoka yote, ya zamani, ya mashambani, kana kwamba kifua kimempa ruhusa ya siku moja. Aliimba akimtazama meneja usoni. Kila ubeti ulimfikia alipo, na sisi tukaitikia fungua, fungua, nyungo zikigonga maturubai. Nilimtazama msimamizi. Alikuwa ameinamisha macho kwenye viatu vyake. Wageni walikuwa wanatabasamu, mmoja anapiga picha kwa simu. Na meneja, nasema niliyoyaona, alianza kutikisa mabega. Akaja mbele. Akacheza. Hakujua kucheza lakini alicheza kwa moyo, akazunguka mbele ya shangazi, na wageni wakashangilia. Kisha akanyoosha mkono kwenye meza ya zawadi, akachukua khanga ya kampuni, ile iliyoandikwa Sisi ni Familia Moja, akaikunjua na kumvisha shangazi mabegani.

Banda likalipuka. Tulipiga vigelegele ambavyo nadhani vilisikika mpaka mtoni. Wanawake waliinuka, wakatupa nyungo, mmoja alikuwa analia. Wageni walifurahi kupita kiasi kuona watu wanafurahia khanga kiasi kile. Kwetu sisi haikuwa khanga. Ameimbwa, amekuja katikati, amecheza, ametunza mbele ya watu wote na mbele ya wageni wake. Mlango umefunguka. Mimi mwenyewe, niliyekuwa najifanya mjanja, nilipiga kigelegele mpaka koo likawasha.

Kesho yake tulikuja mapema kuliko kawaida, kama watu wanaokwenda harusini. Shangazi alikuwa amejifunga khanga yake. Alikwenda moja kwa moja hadi mlango wa nyuma akausukuma kwa kiganja. Bati likapiga kelele kidogo na kubaki palepale. Akasukuma tena, kwa bega. Akarudi kukaa kwenye turubai lake, akasema, "Hajafika bado. Ufunguo anao yeye." Meneja alifika, akatusalimia vizuri sana, akatushukuru kwa jana, akapita, funguo zikigongana. Tukangoja mchana. Tukangoja siku hiyo yote na iliyofuata.

Nilimfuata ofisini. Kulikuwa na feni inayozunguka juu yake.

"Karibu dada yangu," akasema. "Kaa. Mmetuheshimisha sana juzi."

"Bosi, ulimvisha shangazi khanga."

"Aliistahili. Yule mama ana kipaji."

"Wimbo ule ulikuwa unaomba mlango wa nyuma ufunguliwe."

Nilidhani atashtuka. Nilikuwa nimejiandaa kumfundisha taratibu, kumwelezea desturi, hata kumwonea huruma kwa kutoijua lugha yetu. Akatabasamu.

"Najua," akasema. "Msimamizi alinitafsiria mapema, ilibidi nijue kitakachoimbwa. Wimbo una hisia sana. Nikasema acheni uimbwe hivyohivyo, wageni lugha hawaijui, wanachotaka ni ile morali."

Nikauliza, "Na mlango?"

"Mlango ni suala la usalama, dada, hauko mikononi mwangu. Andikeni, mweke kwenye sanduku."

Mzee wa papai alitutukana kwa majina ya wanyama na bado, kila shangazi alipofungua mdomo, alitukimbia, kwa kuwa alisikia. Huyu alituita mama na dada, alisikia kila neno, akacheza. Nimekutana na watu wakatili maishani mwangu, nimeishi na mmoja nyumba moja, lakini sikuwahi kumwona mtu anayeweza kuambiwa sipumui akatikisa mabega kwa furaha. Na wala hakuwa na chuki, ndilo linaloniuma. Kama angetuchukia ningejua pa kumshika. Alitupenda kama anavyopendwa mtu wa kwenye kalenda.

Msimamizi nilimkuta nje akikagua magunia. Sikumpa hata shikamoo, ingawa ni mkubwa kwangu.

"Wewe ulijua maana ya kutunza," nikamwambia. "Kwa nini hukumwambia kwamba akimvisha, amekubali?"

Akaendelea kubonyeza gunia kwa vidole. "Ningemwambia nini, mwanangu? Kwamba khanga ni mkataba? Angenicheka, na mimi pia nina mkataba."

Kwa shangazi sikuwa na ujasiri wa kusema yote. Nilimwambia meneja anasema suala haliko mikononi mwake. Shangazi akaniuliza kama nimesahau kwamba alicheza mwenyewe, hakusukumwa. "Mtu akishatunza hawezi kurudi nyuma," akasema. "Ana aibu tu ya kufungua haraka. Wakubwa ndivyo walivyo." Akangoja msimu wote. Alikaa karibu na mlango ule, akauegemea mgongo, akisikia upepo unagonga bati upande wa pili. Kuimba hakuimba tena. Akijaribu, sauti inatoka nusu na nusu inabaki ndani. Wengine wakajaribu kuanzisha, lakini nyimbo zilikosa mahali pa kwenda, zikafa zenyewe. Wanawake wa banda lile waliwahi kumfungia mzee tajiri chooni kwa sauti zao tu. Sasa tulichambua mchele kimya.

Msimu ulipoisha hawakumfukuza. Kampuni haifukuzi, inaacha kuhuisha. Walimfanyia hafla ya kumuaga, keki ikawekwa mezani, meneja akasema familia haiagani, inaonana tu kwa kupishana. Akamkabidhi cheti chenye fremu. Shangazi alisimama aseme neno la shukrani, akakohoa, akakohoa, akainua mkono kuomba radhi, akakaa. Tukampigia makofi ya kilo. Nilipiga huku nimeuma meno, na nilipotazama wenzangu niliona wengi wameuma pia, na mikono yetu inaendelea kupiga kwa mdundo uleule bila kukosea, jinsi tulivyofundishwa.

Sasa kifua kinamtawala. Anakaa mlangoni kwake kwenye kiti cha kamba, ile khanga ikiwa begani hata siku za joto, anachagua maneno ya kusema kwa sababu kila neno lina gharama. Asubuhi nampitishia uji kabla ya kazi, naegesha baiskeli kwenye mti wa mpera. Na kila asubuhi, nikiwa bado hapo, spika ya kampuni inaanza. Kijana yule wa kamera alikuwa amerekodi kila kitu, na meneja alipenda sana, akaufanya wimbo wa kampuni. Unapigwa na kurudiwa getini kila siku ya kazi kuwaita watu kwenye duara, unavuka mapaa na kutufikia palepale tulipo. Shangazi ananyoosha kiganja ninyamaze. Anasikiliza sauti yake mwenyewe, nzima, haina kikohozi, inamwambia meneja ufunguo uko shingoni mwako, mimi niliyeuanza wimbo huu nakohoa, fungua nipumue.

"Ameshafungua?" ananiuliza.

"Bado, shangazi."

"Atafungua. Si unasikia bado anaimbwa? Na amenivisha." Anagusa khanga. "Wewe nenda, utachelewa."

Mimi naenda, maana nina watoto, na hapa mjini hakuna anayenisubiri mahali pengine. Naingia kwenye duara, nasimama kati ya wanawake ambao wote wanakijua Kipogoro na wote wanatazama chini. Meneja yuko katikati, anatikisa mabega kidogo. Wimbo unafika mwisho, na baada ya fungua ya mwisho vinasikika vigelegele vyetu vya siku ile tuliyoamini, vingi, vinapandana. Changu kimo humo, nakitambua, ndicho kirefu kuliko vyote. Tunapiga makofi, tunaingia ndani.